Pampu Imezimwa, Maji Yanamwagika



Siku za karibuni nilitoka Mombasa kwenda Kitengela kumzuru dada yangu mdogo. Nilidhani nakwenda kula, kulala na kupokea habari za jamaa. Kumbe nilikuwa nakwenda kusuluhisha ugomvi baina ya mama na mwanawe, na chanzo cha ugomvi huo kilikuwa pampu ya maji. Nimeona nikusimulieni, kwa kuwa vyombo vya namna ile vimeanza kuingia katika nyumba zetu za pwani pia, na yaliyotokea kule yanaweza kutokea Kisauni, Malindi au Lamu.

Mji usiokuwa na maji ya kutosha

Kitengela ni mji wa wahamiaji. Umekua kandokando ya barabara iendayo Namanga, katika kaunti ya Kajiado, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Jana palikuwa malisho ya Wamasai. Leo pamejaa nyumba za mawe, na ndani yake wamo Waislamu wengi waliofuata kazi, wakiwemo watu wetu wa pwani. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu zaidi ya milioni moja na laki moja katika kaunti nzima, ilhali ardhi yenyewe ni kavu. Maji ya mabomba hayawatoshi, na maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Kajiado yana chumvi, na mengine yana floraidi nyingi inayoyatia meno rangi ya kahawia.

Kwa hiyo nyumba nyingi hununua maji. Huja lori, wenyewe huliita bauza, likamimina maji katika tangi lililozikwa uani. Kwa dada yangu tangi hilo huchukua lita 10,000. Kisha pampu huyapandisha maji hadi tangi la lita 2,000 lililo juu ya nyumba, nayo hushuka kwa mabomba kwenda jikoni, msalani na mahali pa kutawadhia. Shemeji yangu yuko Doha kwa kazi. Nyumbani wamo dada yangu, mavyaa wake ambaye ni mgonjwa wa kitandani, na watoto watatu. Mwenye kuuguza atanielewa nikisema kwamba katika nyumba ile maji ni dawa: shuka hufuliwa kila siku, na mgonjwa huogeshwa asubuhi na jioni.

Zamani pampu iliwashwa na kuzimwa kwa mkono. Mtu aliiwasha, akakaa kusikiliza hadi maji yafurike juu, kisha akakimbilia ukutani kuizima. Akipitiwa na usingizi, hasara. Mtoto mkubwa wa dada yangu, aliyemaliza shule ya sekondari na anayesomea kompyuta, aliona taabu hiyo akaamua kumpunguzia mamake. Alinunua swichi inayopokea amri kwa mawimbi ya waifai, akaiunganisha na kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, aina ya Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Kisha akaiandikia skripti.

Skripti ni nini?

Neno hili lisikutisheni. Skripti ni waraka wa maagizo. Mama anapotoka kwenda sokoni humwachia binti maagizo: ikifika saa nne bandika maharage, yakikauka ongeza maji, baba akija mpe chai. Skripti ni maagizo kama hayo, ila anayeachiwa ni kompyuta, na huandikwa kwa lugha inayoielewa. Kijana wetu alitumia Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Wengine hutumia Home Assistant, programu ya bure iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo hukusanya taa, pampu na vihisi vya nyumba mahali pamoja na hufanya kazi humo humo nyumbani.

Tofauti ya binti na kompyuta ni moja, nayo ni kubwa. Binti ana akili: akiona maharage yanaungua wakati hukumwambia, atayaepua. Kompyuta haifanyi ila lililoandikwa, na haioni ila ulichoipa jicho la kukionea.

Maagizo ya kijana yalikuwa mafupi. Usiku ukiingia, washa pampu. Baada ya dakika 40, tuma amri ya kuizima. Kisha mpelekee mama ujumbe wa simu: "Pampu imezimwa." Kwa wiki tatu mambo yalikwenda sawasawa, na dada yangu akawasifia jirani zake mwanawe.

Usiku wa hasara

Alasiri moja bauza lilijaza tangi la chini hadi pomoni. Usiku pampu ikawaka kama kawaida. Katikati ya kazi, umeme ukakatika. Kompyuta ndogo ilikuwa na betri yake, haikuzimika. Lakini swichi ya pampu na ruta ya waifai zilikufa papo hapo. Dakika 40 zilipotimia kompyuta ikatuma amri ya kuzima. Amri haikumfikia mtu. Hata hivyo waraka ulisema baada ya amri utolewe ujumbe, ujumbe ukaandikwa, na ruta ilipopata umeme ukafika kwenye simu ya mama: "Pampu imezimwa."

Umeme ulirudi mnamo saa sita za usiku. Swichi ile ilikuwa imepangwa kurudia hali iliyokuwa nayo kabla ya kukatika. Ilikuwa imewashwa, basi ikajiwasha. Hapakuwa na agizo jingine la kuizima usiku ule.

Dada yangu aliamka saa kumi na nusu ajitayarishe kwa swala ya alfajiri. Alisikia pampu ikikwaruza kwa sauti kavu. Alipofungua mlango akaikuta njia ya mbele imekuwa kijito. Tangi la juu lilikuwa limejaa na kufurika kwa masaa, na tangi la chini halikuwa na hata ndoo. Pampu nayo, kwa kuvuta bila maji, iliharibika. Maji ya siku nyingi, yaliyonunuliwa kwa fedha ya mtu anayefanya kazi ugenini, yaliishia mchangani, na mgonjwa ndani anangoja kuogeshwa.

Akaitazama simu yake. Pampu imezimwa. Akamwamsha mwanawe akamwambia neno ambalo mama hapendi kulitamka: "Umenidanganya."

Nilipofika, siku mbili zilikuwa zimepita, na kijana alikuwa hazungumzi. Alinipa mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze."

Akanieleza yote niliyokueleza, kisha akasema, "Mjomba, mimi sikusema uwongo. Ni programu iliyosema."

Nikamuuliza, "Na programu, nani aliyeifundisha kusema?"

Alinyamaza kitambo. Halafu akaufungua waraka wake, akanionyesha mstari wenyewe. Hapo ndipo sote wawili tulipoona kosa. Skripti ilijua jambo moja tu, kwamba imetuma amri. Ikatoa habari ya jambo jingine, kwamba pampu imezimika. Baina ya mambo hayo mawili pana masafa, na ndani ya masafa hayo ndimo yalimopotelea maji.

Mashahidi watatu

Ndugu zangu, sisi tuliosoma madrasa tumefunzwa kuuliza habari imetoka kwa nani, na huyo aliiona kwa macho au alisikia tu. Elimu nzima ya upokezi wa hadithi imejengwa juu ya swali hilo. Nikamwambia kijana kwamba skripti yake imesimulia habari isiyokuwa na shahidi. Akacheka kwa mara ya kwanza, kisha akachukua karatasi. Alasiri ile, baada ya fundi kufunga pampu nyingine, tuliketi uani tukaandika upya.

Shahidi wa kwanza ni swichi yenyewe. Baada ya kuamriwa, iulizwe: uko hali gani? Isipojibu kwa sekunde kadhaa, iulizwe tena, na tena. Lakini ushahidi wake peke yake hautoshi, maana anajisemea mwenyewe. Tena mafundi wanajua kwamba vyuma vya ndani ya swichi ndogo vinaweza kugandana kwa cheche za mota; swichi ikasema imezima na hali umeme bado unapita.

Shahidi wa pili ni kipimo cha umeme kilichofungwa kwenye waya wa pampu. Pampu ikifanya kazi hula mamia ya wati. Ikizimika kipimo husoma sifuri. Kipimo hicho kina faida nyingine: maji yakikwisha katika tangi la chini, pampu hubaki inazunguka bila mzigo na umeme inaoula hupungua. Skripti ikiona upungufu huo inaweza kuizima pampu kabla haijaungua.

Shahidi wa tatu ni maji yenyewe. Chini ya kifuniko cha tangi hufungwa kihisi kinachotoa sauti isiyosikika na sikio la mwanadamu, kikahesabu muda wa mwangwi kurudi. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, muda huo huonyesha uso wa maji uko mbali kiasi gani. Kama pampu imezimwa kweli, kina cha juu hakipandi, na cha chini hakishuki. Huyu ndiye shahidi bora, kwa sababu hahusiani na swichi wala waya wa pampu. Naye ana udhaifu wake: mvuke ukimgandia husoma vibaya, basi apanguswe mara kwa mara.

Waraka mpya, tukiuweka kwa Kiswahili chetu, ukawa hivi:

Tuma amri ya kuzima.
Iulize swichi, isipojibu, rudia mara tatu.
Soma kipimo cha umeme. Je, ni sifuri?
Ngoja dakika mbili. Je, maji yametulia?
Wote wakikubaliana, andika: "Pampu imezimika, nimehakikisha."
Mmoja akipinga, andika: "Hatari. Pampu haijazimika."
Ikiwa hakuna jibu, andika: "Sijui hali ya pampu. Nenda ukaitazame."
Umeme ukirudi baada ya kukatika, anza ukaguzi upya.

Mstari wa "sijui" ndio ulionipendeza zaidi. Wanazuoni wetu hawakuona haya kulitamka neno hilo. Imamu Malik, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisifika kwalo, pamoja na ukubwa wa elimu yake. Mashine isiyojua kusema "sijui" itasema "ndiyo" hata pale ambapo haikuona kitu, na mama ataiamini na kulala.

Kinga isiyotegemea kompyuta

Fundi aliyekuja kufunga pampu alisikiliza mazungumzo yetu, kisha akasema jambo la hekima: kompyuta isiachwe kuwa mlinzi wa pekee. Akafunga boya la umeme katika tangi la juu, ambalo maji yakifika juu linakata umeme wa pampu lenyewe, bila waifai wala skripti. Akafunga jingine katika tangi la chini, kuilinda pampu isivute hewa. Kijana naye akaipanga swichi ianze ikiwa imezimwa kila umeme unaporudi, na ijizime yenyewe baada ya dakika 45 hata kama kompyuta imekufa. Na swichi ya mkono ikabaki ukutani, mahali ambapo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifikia.

Boya si jambo geni kwetu. Ndugu watatu wa Baghdad wajulikanao kama Banu Musa waliandika katika karne ya tisa kitabu cha vyombo vinavyojiendesha, na humo mna maboya na vali za kuongoza maji. Al-Jazari naye alimaliza kitabu chake cha mashine mwaka 1206, chenye vyombo vya kupandisha maji na saa za maji. Kijana wa Kiislamu anayeandika skripti ya pampu yumo katika kazi ambayo wazee wake waliifanya.

Wala hana haja ya kwenda hadi Baghdad kutafuta mfano. Ukingoni mwa mbuga, huko huko Kitengela, alikulia Richard Turere, mtoto wa Kimasai aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babake. Simba walivuka kutoka mbugani usiku wakaua mifugo. Alijaribu moto, simba wakazidi kuona njia. Akasimamisha sanamu ya mtu; siku ya kwanza simba wakaogopa, siku ya pili wakagundua kwamba haitikisiki, wakarudi. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, akaona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 aliunganisha betri ya gari, paneli ya jua, taa za tochi mbovu na kisanduku cha indiketa ya pikipiki, taa zikawa zinawaka kwa kupokezana kuzunguka zizi, kana kwamba mtu anatembea, na yeye amelala. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuusimulia ulimwengu.

Nilimkumbusha mpwa wangu habari ya ile sanamu. Kufaulu kwa siku ya kwanza hakukuthibitisha kitu. Turere alijua taa zake zinafaa kwa sababu alilitazama zizi usiku baada ya usiku, akaona ng'ombe ni wazima.

Kagua vyombo, usipeleleze watu

Limebaki jambo moja linalowahusu zaidi mama zetu. Shemeji yangu alipopata habari kule Doha, kwa uchungu alipendekeza zifungwe kamera uani na ndani, ili aone kila kitu. Dada yangu alinitazama, akasema kwa upole, "Kaka, humu ndani ndimo ninamovua buibui."

Alikuwa na haki. Surat an-Nur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na Surat al-Hujurat imekataza upelelezi. Kamera iliyounganishwa na intaneti ni mlango. Mwenye nywila yake ameingia. Hata kihisi cha tangi hutoa siri: maji yasipopungua siku nzima, mtu wa mbali anajua nyumba ni tupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda habari za watu, lakini sheria haitakubadilishia nywila. Mkakubaliana nini, mtauliza? Kamera moja ya lango, inayotazama nje. Habari za maji zibaki katika kompyuta ya nyumbani. Nywila zilizotoka kiwandani zibadilishwe zote. Na shemeji apelekewe ujumbe mmoja kila usiku, wa maji peke yake.

Kwa hiyo, mama mwenye kijana wa namna hii nyumbani, usimkataze. Mpe kazi ndogo kwanza, taa ya kibaraza kabla ya pampu. Kisha muulize swali moja kila akuletapo ujumbe wa kompyuta: hili umeliona, au umeliamuru tu? Nawe kijana, wajaribu maagizo yako mchana, watu wakiwa macho, kwa kuukata umeme makusudi. Kisa cha mtu aliyefunzwa kumfunga ngamia wake ndipo atawakali mnakijua. Kufunga ni kufunga kweli, si kudhani.

Sisi tulijaribu siku ya kuondoka kwangu, baada ya swala ya adhuhuri. Pampu ikiwa inavuma, kijana alikata umeme wa swichi. Tukangoja. Simu ya mamake ikalia, akaisoma kwa sauti: "Sijui hali ya pampu. Nenda ukaitazame." Akainuka, akajifunga kanga, akatoka uani. Akaweka mkono juu ya pampu, ikawa kimya. Akarudi akamwambia mwanawe, "Imezimika, nimeigusa." Kisha akamwambia aende akale, chakula kinapoa.

Mwenyezi Mungu atupe watoto wenye kutusaidia na kutuambia kweli. Wassalaamu alaykum.